Gawio la Jasho

Mopu ilikuwa bado inachuruzika maji kwenye korido dada mmoja aliponifungulia mlango. Alikuwa ametoka kusafisha ofisi mbili tangu saa kumi na nusu alfajiri, na hakuwa amevua hata koti la kazi. Ilikuwa Aprili 2025, mashariki mwa London. Mezani palikuwa na chai ya maziwa iliyokwisha kushika utando, kompyuta, na bili ya chekechea ambayo jumla yake ilizungushiwa kalamu nyekundu. Dada huyu ni mtu wa Mombasa, mume wake ni dereva wa basi, na mtoto wao alikuwa na miaka mitatu. Mimi huwaandikia hesabu wenye biashara ndogo, wengi wao Waswahili wenzangu, ndiyo maana akaniita. Akanisogezea kompyuta. "Kaka," akasema, "kwani mimi sifanyi kazi?"

Pale kwenye kioo alikuwa ameshajibiwa kwamba hastahiki. Kwa macho ya mpango wa serikali wa kuwasaidia wazazi wanaofanya kazi, mwanamke huyu mwenye mikono iliyopauka kwa dawa za kusafishia alihesabiwa kama mtu asiyefanya kazi ya kutosha.

Nieleze mpango wenyewe. Tangu Septemba 2017, wazazi wanaofanya kazi katika England hupata saa 30 kwa wiki za malezi ya watoto wa miaka mitatu na minne, kwa wiki 38 za mwaka, na gharama hubebwa na serikali. Machi 2023 waziri wa fedha wa wakati huo, Jeremy Hunt, alitangaza kuupanua, na kufikia Septemba 2025 saa hizo 30 zikawafikia hata watoto wa miezi tisa. Sambamba nao iko akaunti ya malezi inayotumika Uingereza nzima: ukiweka pauni 8 serikali inakuongezea 2, hadi ikufikishie pauni 2,000 kwa mtoto kwa mwaka. Sharti la kuingia ni lile lile kwa yote mawili. Kila mzazi, narudia, kila mzazi, lazima atarajie kupata katika miezi mitatu ijayo angalau kiasi ambacho mtu angelipwa kwa kufanya kazi saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara. Baba akitimiza na mama asipotimiza, nyumba nzima imekosa. Juu nako kuna ukomo: mzazi mmoja akivuka pauni 100,000 kwa mwaka, basi. Kila baada ya miezi mitatu unarudi kwenye fomu na kuthibitisha upya, na maelezo ya fomu yanakuambia pesa ambazo usizihesabu unapotafuta kile kima cha chini: riba ya benki, pango la nyumba, pensheni, na gawio.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwangusha dada yetu. Hadi Oktoba 2024 alikuwa amejiajiri kwa jina lake mwenyewe, na kila miezi mitatu alithibitisha bila tabu. Kisha waliokuwa wakimpa kazi za majengo wakamwambia kuanzia sasa wanaingia mkataba na kampuni zilizosajiliwa tu. Akafungua "limited," kama tunavyoiita huku, akawa mkurugenzi wa kampuni yenye mtu mmoja, ndoo na gari kuukuu. Mhasibu akampangia mshahara wa pauni 9,100 kwa mwaka, faida itakayobaki aichukue kama gawio. Hiyo 9,100 haikuokotwa barabarani. Ndiyo iliyokuwa mpaka ambao kampuni ikiuvuka inaanza kulipa mchango wake wa Bima ya Taifa, na kwa miaka kadhaa wahasibu waliwapangia wateja wao namba hiyo kama vile fundi anavyokata nguo kwa kipimo kilichokwisha zoeleka.

Sasa tazama hesabu. Pauni 9,100 kwa mwaka ni 2,275 kwa miezi mitatu. Katika mwaka wa kodi wa 2023/24 kima cha chini kilikuwa pauni 10.42 kwa saa, na sharti la malezi likawa pauni 2,167. Mwenye mshahara wa 9,100 alipita. Aprili 2024 kima kikapanda hadi 11.44, sharti likapanda hadi 2,379, na mwenye 9,100 akaachwa nje bila mwenyewe kugusa chochote. Dada alipothibitisha Januari 2025 alipungukiwa na pauni 104 kwa miezi mitatu. Hizo ni pauni 8 kwa wiki. Alipewa muda hadi 31 Machi. Saa 15 ambazo kila mtoto wa miaka mitatu hupata bila mzazi kuulizwa kipato zikabaki. Zile 15 za mtoto wa mzazi mfanyakazi zikafutwa.

Ninapowasimulia watu kisa hiki, wengi hawasikitiki. Wanasema: alijitakia. Nimeisikia kauli hii msikitini baada ya swala, nimeisikia kwenye makundi ya simu ya watu wa nyumbani, nimeisikia kwa Waingereza walioajiriwa, na nimeisikia kwa wahasibu wenzangu. Ukiinyoosha inasema hivi: mkurugenzi anayejilipa mshahara kiduchu na kuzichukua pesa nyingine kama gawio amefanya hivyo ili akwepe Bima ya Taifa. Kwa hiyo amechagua upande. Gawio ni faida ya mtaji, si malipo ya kazi, na msaada huu ni wa wanaofanya kazi. Akitaka kuhesabiwa mfanyakazi, ajilipe kama mfanyakazi. Mshika mawili moja humponyoka.

Kauli hii ina sura ya haki, na ndiyo maana imeenea. Nimekaa nayo miaka, nimepiga hesabu zake kwa wateja wangu mmoja mmoja, na naipinga yote, kuanzia msingi wake.

Tuanze na hili la kukwepa. Sikatai kwamba njia ya gawio hupunguza kodi. Ndivyo ilivyo, na nisingejiita mwandishi wa hesabu kama ningelificha. Lakini imepungua makali. Mwaka 2016 mtu aliweza kupokea gawio la pauni 5,000 bila kodi ya gawio. Leo ni pauni 500. Na wanaosema "halipi" hawajawahi kukaa mezani na karatasi za mtu halisi. Chukua mkurugenzi mwenye mshahara wa pauni 6,500 na kampuni iliyobakisha faida ya pauni 30,000 katika mwaka wa kodi wa 2025/26. Kampuni inalipa kodi ya asilimia 19, yaani pauni 5,700. Zinabaki 24,300 za gawio. Akishatoa pauni 12,570 zisizotozwa kodi ya mapato na zile pauni 500, anatozwa asilimia 8.75 ya kinachobaki, kama pauni 1,550. Jumla ni zaidi ya pauni 7,200 zilizoingia hazina kutokana na mikono ya mtu mmoja. Sasa mweke pembeni yake mwajiriwa anayelipwa pauni 10,200 katika mwaka huo huo. Yeye mwenyewe halipi kodi ya mapato hata peni moja, wala Bima ya Taifa haimkati, kwa sababu yuko chini ya pauni 12,570. Huyu anapata saa 30. Na apate! Kazi yake ni kazi, mtoto wake ni mtoto. Lakini asitokee mtu akaniambia kwamba yule wa kwanza amenyimwa kwa sababu hakuchangia.

Na ukiuchunguza mpango wenyewe hutaona mahali popote unapouliza umechangia kiasi gani. Hautegemei Bima ya Taifa kama inavyotegemea pensheni ya serikali. Unalipiwa kutoka kwenye mfuko mkuu wa kodi. Hoja ya "hakulipa Bima" imebandikwa juu na watu. Sheria haikuwa nayo.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wahasibu wenzangu hawapendi niliseme. Ule mshahara wa pauni 9,100 hata haukuwa ujanja wa kodi wenye faida. Umpandishe mkurugenzi huyo hadi 12,570 katika mwaka huo wa 2025/26: kampuni inalipa Bima zaidi kwa pauni 520 hivi, lakini kodi ya kampuni inapungua kwa pauni 758, kwa maana mshahara na Bima vyote hukatwa kabla ya faida kutozwa kodi. Anatoka na zaidi ya pauni 200 mkononi. Yaani dada yetu alikuwa anapata hasara kwenye kodi na hasara kwenye malezi kwa wakati mmoja, kwa sababu ya namba ya mazoea aliyoandikiwa na mtu ambaye hakumuuliza hata mara moja: "Una mtoto?" Mtu aliyepata hasara pande zote mbili tumwite mkwepaji kwa lipi?

Tuje kwenye hoja kubwa zaidi, kwamba gawio si malipo ya kazi. Ukiwa na hisa za kampuni kubwa ya simu, ukalala, ukaamka ukakuta gawio limeingia benki, hiyo kweli si kazi, na sidai ihesabiwe. Lakini kampuni ya mtu mmoja haina mtaji unaofanya kazi usiku. Mtaji wake ni mgongo wa mwenyewe. Dada huyu akiumwa wiki moja, gawio la wiki hiyo halipo. Mwenye kampuni ya lori moja asipoendesha, hakuna faida ya kugawana. Muuguzi anayepokea zamu kupitia kampuni yake asipoingia wodini, hakuna kitu. Pesa hiyo imetoka kwenye saa zake za kazi, ikapita kwenye akaunti ya kampuni, ikatokea upande wa pili ikiitwa jina jingine. Jasho halibadiliki kuwa mtaji kwa kupita benki.

Na serikali yenyewe inalijua hili vizuri, kwa sababu inapokusanya inalisema kwa sauti. Tangu Aprili 2000 kuna kanuni maarufu kwa jina la IR35, iliyotungwa mahususi kusema kwamba mtu anayefanya kazi kama mwajiriwa huku akijificha nyuma ya kampuni yake, pesa zake ni ujira na zitozwe kama ujira, aziite gawio asiziite. Katika msaada wa kipato uitwao Universal Credit, kanuni za mwaka 2013 zinasema kwamba mtu mwenye kampuni inayofanana na biashara ya mtu mmoja atahesabiwa kama aliyejiajiri, na mapato ya kampuni yatachukuliwa kuwa yake, ili msaada wake upunguzwe ipasavyo. Bima ya Taifa ya mkurugenzi hupigwa kwa mwaka mzima, asije akachezea miezi. Lakini fomu ya malezi inamkadiria kwa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo mkurugenzi anayejilipa mshahara wake wote mwezi mmoja, Machi, anahesabiwa mfanyakazi kwa robo moja na mtu asiye na kazi kwa robo tatu. Aliyejiajiri anaruhusiwa kutandaza kipato chake juu ya mwaka wa kodi. Mkurugenzi haruhusiwi.

Kuna na ule ukomo wa pauni 100,000. Mkurugenzi akiwa na mshahara wa 12,570 na gawio la 90,000, anaambiwa amevuka, toka. Gawio limehesabiwa. Pauni ile ile ya gawio, katika mpango ule ule, haionekani inapohitajika kumwingiza mzazi na inaonekana waziwazi inapohitajika kumtoa. Nimewauliza wanaotetea kanuni hii wanieleze ni kwa mantiki gani gawio liwe kipato juu na lisiwe kipato chini. Bado nasubiri jibu.

Na kipimo chenyewe kimejengwa juu ya kima cha chini cha mshahara, sheria ambayo haimlindi mkurugenzi asiye na mkataba wa ajira. Hakuna mkaguzi atakayemfuata dada huyu kumwambia jilipe kima cha chini kwa saa. Kwenye sheria ya ujira si mfanyakazi. Kwenye fomu ya malezi anapimwa kwa ujira wa wafanyakazi.

Wapinzani wangu wakifika hapa hubadilisha njia. Wanasema: sawa, lakini dawa si ipo? Apandishe mshahara. Dakika tano kwenye programu ya mishahara, yamekwisha.

Ushauri huo ni mzuri, na mimi mwenyewe ndio ninaowapa watu. Mzazi yeyote mwenye "limited" anayesoma makala hii, kama kampuni yako ina faida, jilipe mshahara kila mwezi usiopungua sharti la robo, na kwa wengi pauni 1,047.50 kwa mwezi, ambazo ni 12,570 kwa mwaka, ndiyo namba inayofaa. Usiulipe wote kwa mkupuo. Ukague tena kila Aprili, kwa sababu sharti linapanda na kima cha chini: 2,539 kwa robo tangu Aprili 2025, 2,643 tangu Aprili 2026. Na uthibitishe kabla ya tarehe za mwisho za muhula, 31 Machi, 31 Agosti na 31 Desemba.

Lakini ona ushauri huu unathibitisha nini. Mtu yule yule, ndoo ile ile, ofisi zile zile, saa zile zile, pesa ile ile kwa mwaka. Jana hakuwa mfanyakazi, leo ni mfanyakazi, na kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye hati ya mshahara. Kama kipimo cha kazi kinaweza kutimizwa bila kuongeza hata dakika moja ya kazi, basi hakipimi kazi. Kinapima kama una mtu wa kukuambia. Fomu haiulizi saa ulizofanya, inauliza pesa kwa jina lake.

Ndipo tunapoona nani hasa anaangushwa. Mkurugenzi tajiri haangushwi. Yule ambaye kampuni yake inaingiza pauni 300,000 ana mshauri, na mshauri anajua. Anampangia mshahara wa 12,570 na gawio la 60,000, faida nyingine inabaki ndani ya kampuni, jumla yake inakaa salama chini ya laki moja, na mtoto wake anapata saa zote 30 na nyongeza ya akaunti juu yake. Yote kwa mujibu wa sheria. Wanaosema kanuni hii inawabana wakwepaji waangalie vizuri nani amekaa ndani ya chumba na nani yuko barazani. Aliye nje ni msafishaji, dereva wa lori, fundi umeme, mama mwenye jiko la kupika vyakula vya sherehe, mtu aliyelipa ada ndogo kwa mhasibu anayehudumia mamia na kupewa namba ya mazoea.

Na kuna ambaye hawezi kupandisha mshahara hata akijua: mwenye kampuni changa. Angeanza biashara kwa jina lake mwenyewe, miezi 12 ya kwanza asingeulizwa kima cha chini kabisa. Sheria inaelewa kwamba biashara mpya hula kabla ya kulisha. Lakini ameanza kwa kampuni, mara nyingi kwa sababu mwenye kazi alimtaka awe na kampuni, na huruma hiyo haimhusu. Anatakiwa atoe mshahara wa pauni 2,643 kwa robo kutoka kwenye akaunti isiyo na kitu, ili apate nafasi ya kumwacha mtoto, ili aweze kufanya kazi itakayoijaza akaunti hiyo. Nyumbani mtu wa namna hii angemwacha mtoto kwa bibi, au kwa jirani, au kwa dada wa kazi. Hapa bibi yuko Likoni na jirani humjui jina. Chekechea ndiyo bibi, na chekechea inataka pauni zake Ijumaa.

Wanawake wanaumizwa mara mbili, na hili nalisema kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingi mno. Familia ina kampuni. Mume anaendesha lori na yuko kwenye orodha ya mishahara. Mke anapokea simu za wateja, anaandika ankara, anafukuzana na wasiolipa, anapeleka nyaraka. Ana hisa zake, analipwa kwa gawio, kwa sababu mtu aliwaambia hakuna haja ya mishahara miwili. Fomu ikifika kwake, yeye ni mama asiyefanya kazi, na kwa kuwa kila mzazi lazima atimize, nyumba nzima inapoteza. Kazi yake ya mwaka mzima imefutwa na neno moja, na yeye ndiye anayebaki nyumbani na mtoto kwa sababu hesabu imemwonyesha kwamba hana thamani ya kutosha kulipiwa chekechea. Nimewahi kumsikia mmoja akijiita "mimi niko nyumbani tu" huku mezani pake pana ankara 40 alizoandika kwa mkono wake wiki ile.

Imebaki hoja moja ambayo kwa muda mrefu niliiona ina uzito, ya utekelezaji. Serikali ilikuwa ikisema haiwezi kutofautisha gawio la kampuni yako mwenyewe na gawio la hisa za kampuni kubwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, hoja hiyo ndiyo iliyowaacha wakurugenzi wa kampuni ndogo mikono mitupu: mpango wa walioajiriwa ulihesabu mshahara wao mdogo tu, mpango wa waliojiajiri haukuwatambua. Tuliambiwa fomu ya kodi inajumlisha magawio yote pamoja, hakuna njia ya kuyachambua. Kwa wakati ule ilikuwa kweli.

Sasa si kweli tena. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2025/26, mkurugenzi wa kampuni inayomilikiwa na watu wachache analazimika kuandika kwenye fomu yake jina la kampuni, namba yake ya usajili, asilimia ya hisa anazomiliki, na gawio alilopokea kutoka kampuni hiyo, peke yake, kwenye kisanduku chake. Mamlaka ya kodi, HMRC, imeitaka taarifa hiyo ili iwafuatilie vizuri zaidi, nami sina ugomvi na hilo. Lakini taarifa ikishakuwepo kwa ajili ya kudai, haiwezi kusemwa haipo kwa ajili ya kutoa. Ninachotaka ni kidogo na kinatekelezeka: gawio ambalo mkurugenzi amelipwa na kampuni ndogo anayoifanyia kazi lihesabiwe kwenye kima cha chini, kwa wastani wa mwaka, kama anavyohesabiwa aliyejiajiri, na kampuni mpya ipewe ile miezi 12. Gawio la hisa za watu wengine libaki nje. Ukomo wa laki moja ubaki ulivyo.

Kuna watakaosema hii itawapa wakurugenzi motisha zaidi ya kukimbilia gawio. Sioni itokee wapi. Tofauti ya kodi kati ya mshahara na gawio inaamuliwa na viwango vya kodi, na serikali inavibadilisha inapotaka. Aprili 2026 kiwango cha chini cha kodi ya gawio kimepanda kutoka asilimia 8.75 hadi 10.75. Ukiona gawio linatozwa kidogo mno, litoze zaidi. Nitalijadili na wewe, na huenda tukakubaliana. Lakini kumtumia mtoto wa miaka mitatu kama fimbo ya kumrekebisha mzazi kwenye mpangilio wa kodi, kisha fimbo yenyewe imwangukie asiyejua na imkwepe anayejua, hapo hatutakubaliana kamwe.

Nirudi kwa dada. Siku ile ile tulikaa naye tukaupandisha mshahara hadi pauni 1,047.50 kwa mwezi, tukaituma taarifa kwa mfumo wa kodi ya mishahara, PAYE, akaomba upya. Namba yake ya tarakimu 11 ikaja wiki iliyofuata. Alipoipeleka chekechea, mwenye ofisi akaitazama tarehe, akamwambia kwa upole kwamba imechelewa: muhula wa Aprili ulimtaka awe nayo kabla ya 31 Machi, hii itaanza kufanya kazi Septemba. Saa 15 kwa wiki, kwa muhula mzima, kwa bei ya pale, zilikuwa zaidi ya pauni 1,300. Zote zilitoka mfukoni mwake, kwa upungufu wa pauni 8 kwa wiki.

Alinipigia simu kunieleza akiwa kwenye gari, nje ya jengo la tatu la siku hiyo. Hakulia. Aliniuliza tu kama kuna mahali pa kukata rufaa, nami nikamwambia ukweli, kwamba tarehe ni tarehe. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema lazima akate simu, mlinzi ameshafungua mlango na vyombo vyake bado viko kwenye buti.